NOBU ZA PIKAPU: BIDHAA NDOGO INAYOUZWA KWA KIPIMO

 

Leo tunachambua bidhaa moja ndogo inayokaa kiganjani, haiozi, haivunjiki kirahisi njiani na haihitaji stoo: nobu za dashibodi ya pikapu. Nobu ni vile vidude vya duara unavyozungusha kuwasha feni, kuchagua baridi au joto, kuelekeza upepo kwenye kioo au miguuni, na kuongeza sauti ya redio. Nitagusa pia kichwa cha gia, kwa sababu mteja anayebadilisha nobu mara nyingi anaulizia na hicho.

Mimi nauza mapambo na vifaa vya ndani ya gari. Duka ni dogo, lipo Dar, na oda nyingi zinakuja kwa simu kutoka mikoani. Elimu yangu ni kidato cha nne. Haya mambo nimeyajua kwa kufungua, kupima na kuuliza mafundi, kwa hiyo sitakupa maneno makubwa. Nataka uondoke na jambo moja tu: mteja anavutiwa na picha, lakini biashara inakamilika pale kitu kinapoingia kwenye gari yake na kufanya kazi. Kama huuzi nobu, bado somo linakuhusu. Kava za simu, vioo vya saa, mipira ya friji, vyote vinauzwa hivi hivi.

KWA NINI PIKAPU?

Pikapu nyingi hapa kwetu ni za kazi. Ukienda Kahama utazikuta migodini, Mafinga zinabeba mbao, Kilombero zinabeba mpunga. Na nyingi ni zile za daraja la chini kabisa kutoka kiwandani, ambazo ndani zimewekwa plastiki ngumu ya kijivu au nyeusi bila urembo wowote. Injini bado nzima, bodi bado nzima, lakini ukikaa ndani unaona nobu zimefubaa, alama za feni zimefutika, nyingine inacheza kama jino la mtoto.

Mwenye gari anashinda humo ndani kutwa nzima, na nobu ndizo anazozishika kila siku kwa mikono yenye vumbi na mafuta. Kubadilisha paneli nzima ya AC ni hela nyingi. Kubadilisha nobu tatu ni hela ndogo, na mabadiliko anayaona siku hiyo hiyo. Hapo ndipo soko lilipo. Yupo pia dalali wa magari anayetaka gari ivutie kidogo kabla hajaipiga picha. Huyo ananunua seti nyingi ukimtunza vizuri.

AINA NNE UNAZOWEZA KUUZA

1. Nobu nzima. Ya zamani inatoka, mpya inaingia. Hii ndiyo inayotoa kazi safi zaidi, na ndiyo ngumu zaidi kuuza, kwa sababu lazima tundu lake lilingane na kijiti cha swichi kilichopo kwenye gari. Tutaona hapo mbele.

2. Pete au kofia ya alumini. Hii haibadilishi nobu, inavalishwa juu yake. Pete inazunguka pembeni tu, kofia inafunika na uso. Ndizo zinazotoka sana mtandaoni kwa sababu mteja anajifungia mwenyewe. Kipimo chake ni upana wa nobu ya zamani.

3. Stika za alama. Kwa mteja ambaye nobu yake ni nzima ila alama zimefutika. Bei yake ni ndogo, lakini ni nzuri kuongezea kwenye oda nyingine.

4. Kichwa cha gia. Kinafungwa kwa kuzungusha kwenye skrubu ya mti wa gia. Kipimo chake ni unene wa skrubu hiyo na meno yake.

Usichanganye aina hizi kwenye tangazo moja. Mteja akisoma "nobu" anadhani ni nzima. Ukimtumia pete, ataona umemwibia hata kama ulichotuma ni kizuri.

KIPIMO: HAPA NDIPO PENYE BIASHARA

Ukichomoa nobu na kuigeuza, nyuma utaona tundu. Tundu hilo linaingia kwenye kijiti cha swichi, mafundi wanakiita shafti. Shafti zina maumbo tofauti. Ipo ya duara iliyokatwa upande mmoja ikawa kama herufi D. Ipo yenye meno madogo kuizunguka. Ipo yenye umbo la msalaba. Nobu ya D haikai sawasawa kwenye shafti ya meno hata ukiipiga nyundo.

Halafu kuna unene. Shafti nyingi za swichi za kuzungusha zina milimita 6. Lakini zipo pia za robo inchi, yaani milimita 6.35. Tofauti haifiki hata nusu milimita, kwa macho huioni. Ila ukivalisha nobu ya 6.35 kwenye shafti ya 6 itacheza na kudondoka kwenye barabara ya vumbi. Ukilazimisha nobu ya 6 kwenye shafti ya 6.35, plastiki inapasuka.

Kwa nobu nzima chukua vipimo hivi vitano:

- Umbo la tundu (D, meno au msalaba). Kama ni meno, yahesabu.
- Upana wa tundu. Kama ni D, pima na upande uliokatwa.
- Kina cha tundu. Kikiwa kifupi nobu inabaki imening'inia nje, kikiwa kirefu inasugua paneli.
- Upana wa nobu kwa nje na kimo chake.
- Upande wa D unaelekea wapi ukilinganisha na mstari wa alama.

Hicho cha tano wengi hawakijui, na ndicho kinachorudisha mizigo. Nobu inaweza kuingia vizuri kabisa, lakini mstari wake ukaelekea pembeni wakati feni imezimwa. Mteja akiweka namba 1, mstari unaonyesha 3. Kuingia imeingia, ila haifai.

Kwa pete na kofia, pima upana wa nobu sehemu mbili: chini karibu na dashibodi, na juu. Nobu nyingi zimechongwa kama bakuli, chini pana na juu nyembamba. Ukipima juu tu, pete itakwama katikati.

Kwa kichwa cha gia, Toyota nyingi za gia za mkono zina skrubu ya M12x1.25. Maana yake unene ni milimita 12, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.25. Nissan, Mitsubishi na Mazda nyingi zina M10x1.25. Nimesema "nyingi", kwa hiyo bado unapima. Kwenye baadhi ya gari, kuingiza rivasi lazima uinue pete iliyo chini ya kichwa cha gia. Vichwa vya urembo vingi havina nafasi ya pete hiyo. Na gari ya otomatiki yenye kitufe kwenye gia, usiiuzie kichwa cha kuzungusha kabisa.

Kifaa unachohitaji ni vernia kalipa, ile tuliyoisoma kwenye fizikia kidato cha kwanza tukadhani hatutaiona tena. Hata ya plastiki inatosha kuanzia. Nunua hiyo kabla hujanunua taa ya kupigia picha.

"INAINGIA HILUX" HAITOSHI

Ukiandika "za Hilux" umeandika jina la ukoo, hujataja mtu. Kuna Hilux iliyotoka mwaka 2004 na 2005 ikaenda mpaka 2015, ambayo wengi wanaiita Vigo kwa jina la Thailand. Kuna iliyoanza 2015, hiyo wanaiita Revo. Dashibodi zao hazifanani. Ndani ya umbo hilo hilo moja, gari moja ina AC ya kuzungusha na nyingine ina AC ya vitufe na kioo cha namba. Na pikapu za zamani nyingi hazina nobu kwenye joto na upepo, zina vijiti vya kusukuma kushoto na kulia. Kwa D-Max, L200, Ranger na Navara hali ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo usimuulize mteja modeli peke yake. Omba picha ya dashibodi. Picha moja inamaliza maswali sita.

Kama unauza spea orijino, omba na namba ya chesisi, au mwambie asome namba iliyopigwa nyuma ya nobu au paneli kama ipo. Namba ya spea ya Toyota kwa kawaida ina tarakimu na herufi kumi, zimegawanywa tano tano kwa kistari. Vitu vya ndani ya gari mara nyingi vinaongezewa alama mbili mwishoni ambazo ni za rangi. Namba kumi zikifanana lakini zile mbili za mwisho zikatofautiana, utapata spea sahihi ya rangi nyingine. Mteja mwenye dashibodi nyeusi ukimtumia nobu ya kijivu, hapo hujamsaidia.

JARIBU WEWE KWANZA

Kabla hujaagiza mzigo mkubwa, agiza seti moja au mbili, au nunua Kariakoo, kisha uzitese. Mimi nafanya majaribio manne.

Jua. Weka kwenye gari iliyofungwa vioo, juani, kwa wiki moja. Plastiki iliyopakwa rangi ya kromu kwa bei ya chini inaanza kubanduka. Zile zenye mpira laini juu, angalia baada ya muda kama zinanata. Joto na unyevu vinaulainisha ule mpira mpaka unashika vidole. Alumini haibanduki, ila ikipigwa na jua la saa nane inaunguza mkono, na mteja lazima aambiwe.

Spiriti. Chovya pamba, sugua alama mara ishirini. Alama ikitoka, itatoka pia kwa jasho na vumbi.

Barabara. Vaa nobu kwenye gari ya rafiki au ya fundi unayemjua, ipite barabara mbovu. Ikianza kulia au kulegea, acha. Angalia pia uzito. Kofia nzito ya chuma kwenye swichi ndogo ya plastiki inaichosha swichi.

Giza. Hili ndilo muhimu kuliko yote, nalitenganisha hapa chini.

MSTARI WA TAA: USILIFICHE HILI

Nobu nyingi za kiwandani zina mstari unaopitisha mwanga. Usiku ukiwasha taa, mstari unang'aa na dereva anajua feni ipo ngapi na upepo unaelekea wapi bila kushika shika. Sasa kofia nyingi za urembo ni chuma kitupu, hazina uwazi wowote. Mchana zinapendeza kweli. Usiku ni giza, mstari umefunikwa. Nobu ya zamani iliyopakwa rangi ya kopo juu yake inakuwa hivyo hivyo.

Utasema hilo ni dogo. Mfikirie dereva anayepandisha Kitonga usiku, mvua inanyesha, ameweka mbao nyuma, kioo cha mbele kinaanza kuingia ukungu kwa ndani. Anatakiwa apeleke upepo kwenye kioo sasa hivi. Mkono unaenda kwenye nobu, haoni mstari. Anainamisha kichwa kuangalia. Mle barabarani kuna malori yanashuka na kona kali. Sekunde mbili za kuangalia chini pale ni nyingi sana.

Dereva mmoja wa Njombe alikuja kwangu kununua pete akiwa na kofia alizonunua kwingine, amezitoa ameziweka kwenye mfuko wa shati. Aliniambia kwamba usiku alikuwa anawasha taa ya ndani ya gari ili aone nobu, na taa ile ikiwaka kioo cha mbele kinamrudishia mwanga, nje haoni vizuri. Hakuwa amekasirika kuhusu bei. Aliuliza tu kwa nini yule muuzaji hakumwambia.

Tangu hapo, kila kofia ninayouza ina picha mbili, ya mchana na ya usiku taa zikiwa zimewaka. Isiyopitisha mwanga naiandika "haipitishi mwanga usiku", na mteja wa safari za usiku namwelekeza kwenye pete, kwa sababu pete inakaa pembeni na mstari unabaki wazi. Naipoteza oda ya elfu ishirini, napata ya elfu kumi na tano. Hiyo ni sawa kwangu.

HESABU: OMBI MOJA LA KURUDISHA LINAKULA NINI

Hizi ni namba za mfano, weka za kwako. Seti ya pete tatu:

Kununua: 6,000
Usafiri wa mzigo kutoka nje, kwa kila seti: 1,000
Kifungashio: 500
Bando na matangazo: 1,000
Jumla: 8,500

Unauza 15,000, faida ni 6,500. Mteja analipa nauli ya basi mwenyewe, tuseme 5,000.

Sasa pete hazijaingia. Ukiwa mwaminifu, unalipa basi la kurudisha 5,000, basi la kutuma nyingine 5,000, na kifungashio kipya 500. Jumla 10,500. Faida yako ilikuwa 6,500, kwa hiyo kwenye oda hiyo umepata hasara ya 4,000, na siku nne zimepita.

Chukua oda kumi. Faida ghafi ni 65,000. Zikirudi tatu, unatoa 31,500 na unabaki na 33,500. Ikirudi moja tu, unabaki na 54,500. Tofauti ni 21,000 kwenye oda kumi tu, na hiyo hela haikutoka kwenye kuongeza matangazo wala kupandisha bei. Imetoka kwenye dakika tano za kumpimisha mteja kabla hajalipa.

Wapo wanaokataa kurudisha. "Mali ikiuzwa hairudishwi." Unaweza kuandika hivyo, lakini yule mteja wa Mafinga ana marafiki kumi kijiweni wote wana pikapu. Wakiuliza zile nobu alizipata wapi, atajibu kitu, na wewe hutakuwepo.

TANGAZO LINALOPUNGUZA USUMBUFU

Tangazo la kawaida linaandikwa hivi: "Nobu kali za pikapu, zinaingia gari zote, njoo inboksi kwa bei." Maneno "gari zote" ndiyo yanayokuletea hasara. Andika hivi, vipimo ni vya mfano:

"PETE ZA ALUMINI ZA NOBU ZA AC. Seti ya 3, rangi ya fedha.
Zinavalishwa juu ya nobu zako za zamani, hazibadilishi swichi.
Kipenyo cha ndani: mm 41.2. Kimo: mm 14.
Zimejaribiwa kwenye: (taja gari na miaka uliyojaribu wewe mwenyewe).
Hazifai AC ya vitufe.
Mstari wa taa unaonekana usiku, tazama picha ya pili.
Zikikaa juani zinapata moto, tumia kizuia jua.
Bei 15,000. Nauli ya basi juu yako. Kabla ya kulipia tutapima pamoja, dakika tano tu."

Picha ziwe nne: bidhaa ikiwa imefungwa mchana, ikiwa imefungwa usiku, upande wa nyuma unaoonyesha tundu, na bidhaa ikiwa kwenye vernia kalipa namba inasomeka. Picha ya nyuma na ya kipimo hazivutii sana, lakini anayejua gari akiziona anakuamini.

NAMNA YA KUMPIMISHA MTEJA KWA SIMU

Mteja hana vernia kalipa. Ana rula ya mtoto wa shule. Inatosha, ukijua kumwelekeza. Mazungumzo yangu na mteja mmoja mtu mzima, mfanyabiashara wa mbao, yalikwenda hivi:

"Shikamoo mzee, karibu sana."
"Marahaba kijana. Nataka hizo nobu za Hilux."
"Sawa mzee. Naomba picha ya dashibodi, pale penye AC."
(Akatuma.)
"Asante, nimeiona, ni ya kuzungusha. Hapo una rula?"
"Ya mjukuu ipo."
"Naomba upime upana wa nobu ya katikati, pale chini inapokaribia dashibodi."
"Sentimita nne na kidogo."
"Hiyo kidogo ndiyo ninayoitafuta mzee wangu. Chukua kipande cha karatasi chembamba, kizungushe kwenye nobu, weka alama kinapokutana. Halafu kinyooshe upime kutoka mwanzo hadi alama."
"Sentimita 12.9."
"Vizuri sana. Usiku huwa unasafiri?"
"Sana tu. Mbao zinaingia Dar alfajiri."
"Basi nakutumia pete, siyo kofia, ili mstari wa taa uuone."

Hesabu yake ni nyepesi: 12.9 gawanya kwa 3.14 unapata 4.108, yaani kipenyo ni kama milimita 41.1. Pete ya 41.2 inakaa. Uzuri wa karatasi ni huu: mteja akikosea milimita moja kwenye karatasi, kwenye kipenyo kosa linakuwa kama 0.3 tu. Akikosea milimita moja kwa rula juu ya nobu, kosa linabaki milimita nzima. Ndiyo maana napenda karatasi.

Ikiwa ni nobu nzima, muombe aichomoe, apige picha nyuma ikiwa juu ya rula. Akisema hawezi kuichomoa, usimlazimishe. Mwambie apitie kwa fundi, au mpe pete.

KARATASI YA MAELEKEZO NDANI YA KIFURUSHI

Weka kikaratasi kidogo, au tuma kwa WhatsApp mzigo ukishapanda basi. Mimi naandika hivi:

1. Zima gari. Weka nobu kwenye sifuri, piga picha uone mstari unaelekea wapi.
2. Angalia pembeni mwa nobu kama kuna skrubu ndogo. Ikiwepo, legeza kwanza.
3. Pitisha kamba bapa au kitambaa chembamba nyuma ya nobu, vuta kunyooka kuja kwako. Usitumie bisibisi, inachimba paneli. Usivute kwa upande, shafti inapinda.
4. Ikigoma kwa nguvu ya kawaida, acha. Nyingine hazikutengenezwa kutoka. Nenda kwa fundi.
5. Nyuma ya nobu ya zamani kunaweza kuwa na kijisahani kidogo cha chuma kinachobana shafti. Kisipotee.
6. Linganisha upande bapa wa tundu na wa shafti, sukuma kunyooka. Usigonge.
7. Kwa pete: futa nobu kwa spiriti, iache ikauke, ndipo uvalishe. Usitumie supa gluu. Mvuke wake unaacha weupe kwenye plastiki, na siku ukitaka kuitoa utaiharibu nobu.
8. Zungusha kila nobu mwanzo hadi mwisho. Jaribu feni, joto na upepo wa kioo. Subiri giza, washa taa, uone mstari.

Na maonyo mawili. Kwanza, usiuze wala kushauri mapambo ya kubandika katikati ya usukani, pale panakaa eabegi. Ikifumuka, kilichobandikwa kinaweza kuruka usoni kwa dereva. Pili, kwenye baadhi ya pikapu nobu ya 4x4 lazima ubonyeze ndipo uzungushe kuingia L4. Pete ikiwa ndefu kupita kiasi, nobu haibonyezeki, na mtu atalijua hilo akiwa tayari amekwama kwenye tope. Nobu hiyo mimi siiwekei urembo.

KAZI YA KUFANYA WIKI HII

Chagua bidhaa moja tu unayouza sana, hata kama siyo nobu. Jiulize: inatakiwa kuingia kwenye nini? Kisha fanya mambo manne.

Ipime, andika namba kwenye daftari na kwenye tangazo.
Futa maneno "inaingia zote" popote ulipoyaandika.
Andika jambo moja ambalo bidhaa yako haiwezi, kama mimi nilivyoandika kuhusu mwanga wa usiku.
Hesabu mizigo iliyorudi mwezi uliopita, zidisha kwa gharama ya kurudisha na kutuma tena. Namba utakayopata ni hela iliyokuwa yako.

Mwezi ujao hesabu tena, ulinganishe. Somo lijalo tutaangalia jinsi ya kufungasha vitu vidogo ili visipotee ofisini kwa basi. Biashara njema.